Nahodha Asiyejulishwa

Msafiri atokaye Mbamba Bay kwa njia ya maji kuelekea kaskazini, mkono wake wa kulia ukiwa ufuko wa nchi ya Ruvuma na mkono wake wa kushoto maji mapana ya Ziwa Nyasa, hufika baada ya mwendo usio mrefu katika bandari ndogo ya Liuli. Zamani nchi hii ilihesabiwa katika Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Wilaya ya Nyasa, na Mbamba Bay ndiyo makao yake makuu. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx, kwa sababu ya jabali ambalo umbo lake liliwakumbusha ile sanamu kubwa ya Misri yenye mwili wa simba na uso wa mtu.

Katika mwezi wa Agosti 1914 stima ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa juu ya nchi kavu mahali hapo ili itengenezwe. Nahodha wake aliitwa Berndt. Upande wa Waingereza ilikuwako stima Gwendolen, na mkuu wake aliitwa Rhoades. Mabwana hawa wawili walijuana sana, na walipokutana walikaribishana na kunywa pamoja, kwa maana katika maji mapana kama yale mtu wa kazi yako ni jirani yako hata akiwa wa taifa jingine. Vita baina ya mataifa yao vilianza tarehe 4 Agosti. Habari ilimfikia Rhoades, tena ilifuatana na amri ya kuiharibu stima ya rafiki yake. Berndt haikumfikia. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikatokea mbele ya Liuli ikapiga mzinga. Berndt akaingia katika mashua ndogo, akaenda mpaka ubavuni mwa Gwendolen kwa hasira nyingi, akamwuliza mwenzake kama amelewa. Ndipo alipoambiwa kwamba kuna vita, na kwamba yeye ni mateka.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na magazeti ya London ya siku zile yalikisifu kuwa ushindi wa majini. Lakini akitazamwa kwa haki, Berndt hakuwa mlevi wala mzembe. Chombo chake kilikuwa nchi kavu kwa sababu kilihitaji matengenezo, na kukitengeneza chombo ni sehemu ya unahodha mwema. Alipungukiwa na kitu kimoja tu: neno ambalo watu wengine walikuwa nalo kwa siku tisa. Wahenga walisema kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Mara nyingi mithali hiyo hutumiwa kumkemea mjinga. Hapa inataka swali jingine: ni nani aliyekuwa na taa, na kwa nini haikufika?

Swali hilo limepanda pamoja na vyombo kutoka majini mpaka angani. Ziwa Nyasa lenyewe lilishuhudia kupanda huko, kwani katika miaka ya 1949 na 1950 ndege za majini za shirika la Kiingereza la BOAC zilikuwa zikitua Cape Maclear, kusini mwa ziwa, katika safari zao baina ya Uingereza na Afrika ya Kusini. Lugha ya Kiswahili nayo ilipanda. Neno rubani, ambalo leo humtaja mwendesha ndege, ni neno la mabaharia. Rubani alikuwa mtu aliyepandishwa chomboni kwa sababu aliijua njia: miamba ilipo, mkondo upitapo, mlango wa bandari ulivyo. Heshima yake yote ilitoka katika maarifa hayo. Kumpa mtu jina la rubani na kumnyima habari za njia ni kumpa kofia bila kichwa.

Afrika ya Mashariki ina misiba miwili ya anga ambayo huonyesha jambo hili kwa uchungu, mmoja wa Nairobi na mwingine wa Ethiopia. Katika yote miwili chombo kiliharibika au kilikosa nguvu mikononi mwa watu waliofundishwa kazi yao. Katika yote miwili walimwengu waliuliza kwanza wanahewa walifanya nini, na baadaye sana wakauliza walikuwa wameambiwa nini.

Msiba wa kwanza ulitokea asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974. Ndege ya shirika la Kijerumani la Lufthansa, aina ya Boeing 747, ilikuwa imetoka Frankfurt na ilikuwa ikiondoka Nairobi kwenda Johannesburg. Ndani yake walikuwamo watu 157, nao ni abiria 140 na wafanyakazi 17. Ili kuufahamu msiba huo yapasa kwanza kujua kwamba bawa la ndege kubwa si kitu kimoja kisichobadilika. Bawa lililoundwa kwa mwendo wa kasi angani halitoshi kuinua uzito wote katika mwendo mdogo wa kuondokea. Kwa hiyo hutanuliwa: vibapa hutoka nyuma yake, na vingine hutoka katika ukingo wa mbele, mfano wa ndege wa porini anayetandaza manyoya yake anapotaka kuruka. Katika ndege ile vibapa vya nyuma viliendeshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa katika mabomba, na vibapa vya mbele viliendeshwa kwa nguvu ya hewa iliyotolewa katika injini. Hewa hiyo hupita katika vali. Asubuhi ile vali zilikuwa zimefungwa, na hazikufunguliwa tena kabla ya kuondoka.

Rubani alipolisogeza wenzo, vibapa vya nyuma vilitoka, vya mbele vikabaki mahali pake. Ndege ikakimbia, ikainuka, na mara ikaanza kutetemeka. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 na zaidi, na hewa yake ni nyepesi. Bawa lisilotanuliwa sawasawa haliwezi kuivumilia. Nahodha alidhani kwamba tetemeko linatoka katika magurudumu, akayapandisha ndani. Dhana hiyo ilikuwa na sababu, ila haikuwa kweli. Ndege ilifika kimo cha mita 30 hivi, haikuweza kupanda zaidi, ikashuka yenyewe, ikapiga nchi mita 1,120 kupita mwisho wa njia yake, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 59 walikufa na 98 waliokoka. Ulikuwa msiba wa kwanza wa mauti kwa ndege za aina hiyo, ambazo wakati ule zilikuwa fahari ya ulimwengu.

Uchunguzi ulifanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, yaani ile ya Tanzania, Kenya na Uganda iliyovunjika mwaka 1977. Hukumu yake yastahili kusomwa kwa makini na kila mwanafunzi wa historia. Haikuwatakasa wanahewa: ilisema kwamba hawakuitimiza ipasavyo orodha ya mambo ya kukagua. Lakini haikuishia hapo. Ilisema pia kwamba ndege haikuwa na onyo la kuwajulisha kwamba vibapa vya mbele vilikuwa katika hali ya hatari. Tena ilijulikana kwamba kabla ya Nairobi ndege nyingine za aina ile zilikuwa zimepatwa na jambo lilo hilo mara mbili, na marubani wake waliligundua kwa wakati wakaokoka.

Hapa ndipo pa kusimama na kufikiri. Mara mbili chombo kilikuwa kimesema, "Nina mlango huu ambao mtu aweza kuusahau." Mara mbili neno hilo lilisikiwa na mtu fulani. Lakini mtu aliyeketi Nairobi asubuhi ile hakuwa na mlio wala ishara ya kumwambia. Baada ya watu 59 kuzikwa, Boeing waliongeza mitambo ya kumwonya rubani kama vali hizo hazikufunguliwa. Fundi wa ndege, ambaye vali zilikuwa kazi yake, alishtakiwa kwa uzembe, na mwaka 1981 akaachiliwa. Kosa lake lilikuwa la binadamu asahauye. Na kwa sababu binadamu husahau, onyo lilipaswa kuwako kabla yake.

Msiba wa pili ulitokea tarehe 10 Machi 2019. Ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa saa mbili na dakika 38 asubuhi kwenda Nairobi, ikiwa na watu 157. Hesabu hiyo, kwa bahati ya huzuni, ni sawasawa na ile ya Nairobi mwaka 1974. Wakenya walikuwa 32, zaidi ya watu wa taifa lingine lolote, na wengi katika abiria walikuwa wakienda katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mazingira. Nahodha alikuwa Yared Getachew, mwenye umri wa miaka 29, mtu wa nasaba ya Ethiopia na ya Kenya. Na msaidizi wake alikuwa Ahmednur Mohammed, mwenye miaka 25. Safari yao ilidumu dakika sita.

Ndege hiyo ilikuwa ya ukoo wa zamani, lakini ilikuwa imepewa injini kubwa zaidi zilizowekwa mbele zaidi, na kwa hiyo katika hali fulani pua yake ilielekea kupanda kupita kiasi. Ili kuizuia, waundaji walitia ndani ya kompyuta yake mtambo uitwao MCAS, ambao kazi yake ni kuligeuza bawa la mkiani ili pua ishuke. Mtambo huo ulipata habari katika kipimo kimoja tu, kilichochomoza ubavuni mwa pua, ambacho hupima pembe ya bawa na upepo. Kipimo hicho kikisema uongo, mtambo uliuamini. Na marubani wa ndege hizo, walipoanza kuziendesha, hawakuambiwa katika vitabu vyao kwamba mtambo huo upo.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ya Indonesia ilitumbukia baharini kwa sababu hiyo, na watu wote 189 wakafa. Baada ya msiba ule, mwezi Novemba, Boeing na serikali ya Marekani walitoa waraka kwa marubani. Waraka wa serikali haukuutaja mtambo kwa jina. Ulieleza kwamba pua ikisukumwa chini pasipo amri ya rubani, na azikate swichi mbili za umeme unaoligeuza bawa la mkiani, kisha aligeuze bawa hilo kwa gurudumu la mkono. Uliongeza katika maelezo yake kwamba umeme waweza kutumiwa kwanza kulisawazisha bawa kabla ya kuukata.

Basi na tuwatazame vijana wawili wa Addis Ababa. Mara tu ndege ilipoiacha nchi, kipimo cha kushoto kilianza kusema uongo. Kilidai kwamba pembe ni digrii zaidi ya 74, jambo lisilowezekana, hali kipimo cha kulia kilionyesha 15 hivi. Usukani wa nahodha ukatetemeka kumwonya kwamba ndege yataka kuanguka, nayo haikutaka. Kisha mtambo ukaisukuma pua chini. Nahodha akaivuta juu. Ukaisukuma tena. Msaidizi, kijana aliyekuwa na saa 361 tu za kuruka katika maisha yake, ndiye aliyezitaja swichi za kukata, akazitaja mara mbili. Nahodha akakubali, wakazikata. Mtambo ulipoamrisha mara ya tatu, bawa la mkiani halikusogea. Mpaka hapo walikuwa wamefanya kama walivyoagizwa, katikati ya kelele na maonyo ya uongo.

Lakini gurudumu la mkono halikugeuka. Ndege ilikuwa imekwisha kupata mwendo mkubwa, injini zikiwa bado katika nguvu ya kuondokea, na upepo ulilikaza bawa la mkiani kwa uzito ambao mkono wa mtu hauushindi. Msaidizi alijaribu, akasema haliwezekani. Vitabu vya zamani vya ndege za ukoo ule vilikuwa vikieleza njia ya kushinda ugumu huo: kuulegeza usukani kwa muda ili uzito upungue, kuligeuza gurudumu haraka, kisha kuvuta tena. Maelezo hayo yalikuwa yameondolewa katika vitabu vilivyofuata. Vijana wale walirudia umeme, kwa kuwa njia nyingine hawakuiona. Umeme ulipowarudia, ulimrudia na adui wao: baada ya sekunde chache mtambo ukaamrisha kwa mara ya mwisho, na ndege ikaelekea ardhini karibu na Bishoftu kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 900 kwa saa. Hakuokoka mtu.

Mabishano yalianza kabla ya matanga kumalizika, nayo hayajafikia suluhu. Uchunguzi wa Ethiopia, uliokamilishwa Desemba 2022, uliuweka mzigo juu ya mtambo na waliouunda. Wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa walikubali kwamba mtambo ulikuwa sababu, lakini walilalamika kwamba matendo ya wanahewa hayakuchunguzwa kwa kutosha, hasa mwendo ulioachwa ukizidi bila nguvu ya injini kupunguzwa. Haki yataka hoja hiyo isikiwe. Mwendo ulizidi kweli, na kupunguza mwendo ni jambo la msingi katika kazi ya urubani. Mwandishi wa historia anayeuficha ukweli huo kwa sababu ya mapenzi ya bara lake hawatendei mema marehemu. Huwageuza kuwa sanamu, nao walikuwa watu.

Hata hivyo, mizani ina pande mbili. Katika ndege za aina hiyo ilikuwako ishara iliyokusudiwa kumwambia rubani kwamba vipimo viwili havipatani. Katika nyingi ya ndege hizo ishara haikufanya kazi. Boeing waligundua kasoro hiyo mwaka 2017, na hawakuyaambia mashirika ya ndege mpaka baada ya msiba wa Indonesia. Tena, baada ya msiba huo huo, wataalamu wa serikali ya Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba mtambo ukiachwa kama ulivyo, misiba mingine hata 15 yaweza kutokea katika maisha ya ndege hizo. Hesabu hiyo walimwengu waliijua Desemba 2019, miezi tisa baada ya Bishoftu. Kwa hiyo wakati Yared na Ahmednur walipokuwa wakishindana na usukani wao, ilikuwako ofisi yenye karatasi iliyokadiria hatari yao. Kati ya karatasi ile na mikono yao palikuwa na umbali mkubwa kuliko ule wa Liuli na ufuko wa Waingereza mwaka 1914.

Wako wanaosema kwamba rubani hodari hushinda chombo kibovu. Msemo huu una utamu, kwa sababu hutupa mashujaa. Lakini una hatari, kwa sababu humpa mwundaji mahali pa kujificha. Ukifuatwa mpaka mwisho wake, kila aliyekufa huwa si hodari, na kila kasoro huwa jaribio la ustadi wa mtu mwingine. Ushahidi wa misiba hii miwili wasema jambo jingine. Ndege za 737 MAX zilipigwa marufuku ulimwenguni mwezi ule wa Machi 2019, na ziliporuhusiwa tena Novemba 2020 mtambo wao ulilazimishwa kulinganisha vipimo viwili badala ya kuamini kimoja, na marubani wakafundishwa habari zake. Ndege za 747 zilipewa onyo baada ya Nairobi. Matengenezo yote mawili yaliwezekana siku moja kabla ya msiba kama siku moja baada yake. Kilichokosekana si maarifa. Maarifa yalikuwako, lakini yalikaa mbali na usukani.

Yabaki tofauti moja kati ya nahodha wa Liuli na wale wa angani. Berndt aliposikia mzinga asioutarajia, aliweza kupanda mashua, kupiga makasia mpaka ubavuni mwa Gwendolen, na kuuliza kuna nini. Jibu lilimnyima uhuru wake, lakini alilipata, tena akiwa hai. Mwanahewa ambaye chombo chake kimemgeukia hana mashua wala ufuko. Nahodha wa Nairobi alikuwa na nafasi ya kudhani mara moja tu, na wale wa Bishoftu walikuwa na dakika sita za kuuliza chombo ambacho hakikufundishwa kuwajibu. Kwa ajili hiyo mambo yote ambayo rubani angependa kuyauliza huko juu yapasa kujibiwa kabla hajaondoka chini, na wale wanaoyajua, hata kama kuyasema kutawatia hasara.